Kikundi cha jogging: cheti cha BMT au cha halmashauri?

Tangu mwaka huu uanze nimeulizwa swali moja na viongozi wa vikundi vitatu vya jogging, viwili vya Temeke na kimoja cha Kigamboni: tukajisajili Baraza la Michezo la Taifa (BMT), au twende halmashauri? Wote watatu niliwarudishia swali. Jumamosi mkishamaliza kukimbia, mkakaa chini kunywa maji, huwa mnazungumza nini?

Sikuwa nawakwepa. Barabarani wote tunafanana: alfajiri, sare za rangi moja, mwimbishaji mbele, mchakamchaka nyuma yake, na mwenye kitambaa chekundu anayesimamisha magari. Tofauti inaonekana baada ya mbio. Kuna kikundi kikikaa kinapanga bonanza la mwezi ujao na nani atakimbia kilomita 21 Moshi. Kingine kinatoa daftari la michango na kusoma majina ya waliofiwa. Kwa macho ya serikali hivyo ni viumbe viwili tofauti, na kila kimoja kina mlango wake.

Mimi ni katibu wa kikundi mwaka wa tisa huu. Tulianza watu 11, leo tuko 64. Vyeti vyote viwili tunavyo, lakini tulivitafuta kwa mpangilio uliotupotezea muda na fedha, na ningependa wanaoanza sasa wasipite tulikopita.

Kila cheti kinasema nini

BMT iliundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, ikafanyiwa marekebisho mwaka 1971. Wengi tunaisikia pale klabu kubwa za mpira zinapogombana kuhusu uchaguzi, au timu ya taifa inapokabidhiwa bendera. Kwa hiyo mtu wa jogging anadhani ile ni ofisi ya wenzake. Sivyo. Sheria ililikabidhi Baraza kazi ya kukuza na kusimamia michezo ya aina zote, likiwa na kamati za michezo za mikoa na wilaya ili kazi hiyo iwafikie wananchi walipo. Ndani ya Baraza kuna Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo. Cheti chake kinatamka kwamba nyinyi ni klabu ya michezo, mnatambulika, na mna mahali pa kushtaki na kushtakiwa kimichezo.

Cheti cha halmashauri kinapitia kwa afisa maendeleo ya jamii. Kinatamka kwamba nyinyi ni kikundi cha wananchi wa eneo fulani mnaosaidiana na kufanya shughuli ya kujiongezea kipato. Hakisemi lolote kuhusu kukimbia. Hata mkijiita Wakimbiaji wa nini na nini, kwenye rejesta ya halmashauri mnakaa pamoja na washonaji, wafugaji wa kuku na mama lishe.

Vyote viwili ni halali, na vyote viwili vitawasaidia kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, ilimradi mna katiba na muhtasari wa kikao uliowataja watia saini. Kwa kazi hiyo peke yake, chukua kilicho karibu nawe.

Mkopo ndio unaowavuta wengi halmashauri

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu uliingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa mwaka 2018, kifungu cha 37A. Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10, zikiwemo za Jiji la Dar es Salaam na Jiji la Dodoma, zikachaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki.

Sasa zisome tena zile nne, nne, mbili, halafu itazame picha ya pamoja ya kikundi chako. Sisi mwaka tulioomba mkopo tulikuwa 47. Wanawake 19, vijana wa kiume 12, na waliobaki ni baba watu wazima: mafundi, walimu, madereva, mstaafu mmoja wa bandari ambaye hadi leo ndiye anayetuwahi wote kijiweni. Tukaandika andiko la biashara ya kukodisha mahema na viti, tukalipeleka kwa jina la kikundi kizima. Miezi minne tulikuwa tunahesabu fedha ambazo hatujaziona.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata alitukalisha, akasoma orodha ya majina na umri taratibu, kisha akatuambia: "Kaka zangu, hapa kuna vikundi vitatu ndani ya kimoja." Hakukosea. Mkopo ule haukutungwa kwa ajili ya mchanganyiko wa watu wa rika zote na jinsia zote, na uzuri wa jogging ndio huo mchanganyiko. Mwanafunzi wa chuo anakimbia ubavuni mwa mama wa miaka 58 na wote wanaitikia wimbo mmoja. Ukitaka kikundi chako kizima kitoshee kwenye masharti ya mkopo, utalazimika kuwaondoa watu. Tulikataa.

Kilichofanyika ni kwamba wanawake 19 wakaunda kikundi chao, wakakisajili halmashauri, wakachagua mwenyekiti wao na katibu wao, wakaomba mkopo wa mahema na viti kwa jina lao. Walipata. Jumamosi wanakimbia nasi, Jumapili mahema yao yako kwenye harusi za watu. Fedha yao haichanganyiki na yetu, na daftari lao hatulishiki. Kama una hamu ya mkopo, huo ndio ushauri wangu mzito kuliko wote: usiigeuze klabu kuwa kikundi cha mkopo. Waache wanaostahili watoke ndani ya klabu na wasimame wenyewe.

Kumbuka pia mkopo ule ni wa mradi. Ukiomba fedha ya jezi, spika na supu ya bonanza utarudishwa, na ni haki urudishwe, kwa sababu jezi haizalishi marejesho.

Mfadhili anapokuja mezani

Mwaka uliofuata tuliamua kuandaa bonanza kubwa na kualika vikundi jirani. Tulipata miadi na kampuni moja ya vinywaji. Dada wa masoko alitusikiliza, akapenda, akaomba nyaraka. Tulimpa cheti cha halmashauri kilichokuwa mkononi. Alikigeuza mbele na nyuma, akauliza kwa upole kama tunacho cha michezo, maana kwa taratibu zao hicho ni cha kikundi cha ujasiriamali. Hatukuwa nacho. Tarehe ikapita, fedha ya bajeti ile ikaenda kwingine.

Hapa ndipo cheti cha BMT kinapolipa. Mfadhili anataka kujua akiweka nembo yake kifuani mwenu anashirikiana na nani. Mkuu wa shule mnayemwomba uwanja anataka kujua hivyohivyo. Mkitaka kuingiza timu kwenye mashindano ya wilaya au mkoa, mnaulizwa usajili kabla ya kuulizwa majina ya wachezaji.

Mbio za wazi ni habari nzito zaidi. Miaka ya karibuni kila mji una marathoni yake, kutoka ile ya Kilimanjaro iliyoanza mwaka 2003 mpaka zile za benki zinazojaza barabara za Dodoma na Dar es Salaam. Vikundi vyetu navyo vimeanza kuota za kwetu, na nafurahi. Lakini kualikana vikundi vitano mkakimbia kilomita nane na kunywa supu si sawa na kutangaza mbio, kuuza namba za kifuani na kuahidi zawadi. Hizo za pili zinahitaji kibali, na zinamhusu Msajili pamoja na Shirikisho la Riadha Tanzania, kwa sababu mtu amelipa kiingilio na anastahili njia iliyopimwa, maji, ulinzi na zawadi aliyoahidiwa. Kwa cheti cha halmashauri peke yake hata mahali pa kuanzia kuomba hamna.

Nawaomba viongozi wenzangu walichukulie hili kwa uzito. Tulipokwenda kwa afisa michezo wa wilaya kuomba barua ya utambulisho, alituuliza mambo ambayo kwa miaka kadhaa hatukuwahi kujiuliza. Nani kati yenu ana mafunzo ya huduma ya kwanza? Mtu akianguka kilomita ya sita anapelekwa hospitali ipi, na kwa gari la nani? Polisi wa usalama barabarani wana taarifa ya njia yenu? Wenye shinikizo la damu mnawajua? Nilitoka pale nimenyamaza. Tulikuwa tunawatoa watu 50 barabarani gizani, baadhi yao wametumwa na daktari wakapunguze sukari, na mpango wetu wa dharura ulikuwa kumwita bodaboda. Leo wanachama wanne wamefundishwa huduma ya kwanza na wawili wanavaa vesti zinazong'aa, mmoja mbele na mmoja nyuma. Afisa maendeleo ya jamii asingetuuliza hayo, na simlaumu, kwani hiyo si kazi yake.

Unachokitoa ili ukipate

Usajili wa BMT una mzigo wake. Katiba yenu inasomwa na Msajili na inaweza kurudishwa mara mbili au tatu. Yetu ilirudi kwa sababu tuliandika viongozi watakaa "mpaka wanachama watakapochoka nao". Tukaweka miaka minne. Tangu hapo uchaguzi ni lazima ufike na ufanyike, na mkigombana Baraza lina mamlaka ya kuingilia. Kuna ada, kuna taarifa za kupeleka, kuna mtu wa kufuatilia. Kikundi kisicho na katibu anayependa karatasi kitaona tabu.

Lakini kuna ulinzi ndani ya mzigo huo. Vikundi vya jogging vina watu wengi, vina sare, vinaimba. Msimu wa uchaguzi ukifika, wagombea wanavipenda ghafla: jezi mpya zinakuja zenye picha kifuani, na Jumamosi inayofuata nusu ya wanachama hawaji kwa sababu si chama chao. Nimeona vikundi viwili vizuri vikifa hivyo. Katiba yetu imeandika kwamba klabu haina chama wala dini wala kabila, na kwa kuwa imesajiliwa, mwenyekiti akiletewa jezi ana pa kushika anapokataa.

Kwa halmashauri mzigo ni mwepesi mwanzoni na mzito mkishapewa fedha. Mnatembelewa, mnakaguliwa, mnadaiwa marejesho kila mwezi. Msipochukua mkopo, hamsumbuliwi sana, lakini pia hamkumbukwi sana.

Niseme jambo moja kuhusu fedha za michezo, kwa sababu wapo wanaokwenda BMT wakitarajia ruzuku. Kuanzia bajeti ya 2021/22 Mfuko wa Maendeleo ya Michezo unapata sehemu ya kodi ya michezo ya kubahatisha. Fedha hiyo inatazama zaidi timu za taifa. Usisajili klabu ya mtaa ukiwa na hesabu ya kuipata.

Namna ya kwenda

Kwa njia zote mbili anza na barua ya serikali ya mtaa, katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi wenye saini, na orodha ya wanachama. Kwa BMT mlango wenu ni afisa michezo wa wilaya au manispaa. Msikimbilie makao makuu kwanza, mtarudishwa kwake. Kwa halmashauri, anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ada ulizeni siku mnayokwenda, na mlipe kwa kontroo namba tu. Anayewaambia mwachie mkononi atawafikishia, mshukuruni na muondoke.

Kosa linalochelewesha wengi ni kunakili katiba ya kikundi kingine neno kwa neno. Msajili anaijua ile katiba kuliko nyinyi. Kaeni jioni mbili, andikeni yenu, hata ikiwa kurasa nane. Lengo la kwanza la klabu liwe mazoezi na michezo kama mnakwenda BMT. Kama lengo la kwanza ni kuinua kipato na la mazoezi liko la sita, mmeshajijibu kwamba mnatakiwa kwenda kwa afisa maendeleo.

Wengine huuliza kuhusu kusajili shirika lisilo la kiserikali. Sheria ya mwaka 2002 yenyewe inaziweka kando klabu za burudani na michezo katika tafsiri yake, kwa hiyo msijisumbue. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, mtaihitaji siku mkinunua kiwanja au jengo, kwa sababu mali hiyo itashikwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa. Kabla ya hapo hapana haraka.

Daftari la kufa na kuzikana

Hiki ni kipengele ambacho hakuna ofisi inayokimaliza. Karibu kila kikundi cha jogging ninachokijua kina mfuko wa misiba na wagonjwa, na mara nyingi ndio unaowashikilia watu hata miezi ambayo goti linauma na mbio haziwezekani. Kama mfuko huo ndio moyo wa kikundi chenu, na kukimbia ni sababu ya kukutana, cheti cha halmashauri kinawafaa na msione haya kukichukua. Afisa maendeleo ya jamii anajua kuwafundisha kuweka hesabu, na mgogoro wa michango anausuluhisha vizuri kuliko afisa michezo.

Sisi mfuko tuliuandikia kanuni zake peke yake, kurasa mbili, nyuma ya katiba ya klabu. Mwanachama anaweza kukimbia bila kuchangia mfuko. Tulibishana jioni nzima kabla ya kukubaliana hivyo, ila kijana asiye na kazi hapaswi kufukuzwa barabarani kwa sababu ya elfu tano ya mwezi.

Mkiwa Zanzibar au Kenya

Michezo si jambo la Muungano. Zanzibar mnakwenda Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar, si BMT, na wenzetu wa visiwani wametutangulia katika kuheshimu mazoezi ya watu wa kawaida: tarehe 1 Januari kila mwaka ni siku yao ya mazoezi ya viungo, na vikundi vinatoka mjini na mashamba. Huku Bara tulipata mwito Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, wa kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Vikundi vingi vilizaliwa au kufufuka kwa mwito ule.

Kenya mgawanyo unafanana. Klabu ya michezo iko chini ya Msajili wa Michezo kwa Sheria ya Michezo ya 2013, na kikundi cha kijamii kinasajiliwa kwa sheria ya mwaka 2022 inayotaka watu wasiopungua 10. Sports Kenya, shirika lenye viwanja kama Kasarani na Nyayo, halisajili vikundi, kwa hiyo msiende kwake kutafuta cheti.

Ningechagua vipi

Kikundi cha watu chini ya 20, mwaka wa kwanza, hakijui kama kitafika Krismasi: msisajili popote bado. Mwandikieni mwenyekiti wa serikali ya mtaa barua, wapeni polisi taarifa ya njia yenu, kimbieni. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hizo hazidai cheti.

Kikundi kinachoishi kwa mfuko na biashara, chenye wanachama wengi wa kundi moja kati ya yale matatu ya mkopo: halmashauri.

Kikundi mchanganyiko, kinachoalikwa na kualika, chenye vijana wanaotaka kushindana na wazee wanaotaka kupona: BMT, hata kama ni kazi zaidi. Na kama ndani yake wapo wanawake au vijana wenye wazo la mradi, wasajili kikundi chao halmashauri pembeni.

Wale wa Temeke wawili wameshaamua. Mmoja kaenda halmashauri, mwingine yuko kwa afisa michezo na katiba yake imerudi mara ya kwanza. Wa Kigamboni ndio waliochelewa kunijibu. Nilipowauliza tena wanazungumza nini baada ya mbio, mwenyekiti wao, mama mmoja muuza samaki, aliniambia tangu mwezi uliopita wanazungumza kitu kimoja tu: uwanja wa wazi wanaojinyooshea viungo umewekwa mawe ya mpaka, na hakuna anayewaambia ni wa nani. Niliwauliza kama kuna mahali popote serikalini palipoandikwa kwamba watu 38 wanautumia uwanja ule kila Jumamosi kwa michezo. Hapakuwa. Jumatatu tunaonana kwenye ofisi ya afisa michezo saa mbili asubuhi. Nimemwambia aje na orodha ya majina, na picha za mwaka jana zinazoonyesha uwanja kabla ya mawe.